Usinipe Pole, Nihesabie

Wacha niseme jambo litakalowaudhi mashangazi wengi, halafu nijitetee: "pole, pumzika" si matibabu. Ni salamu. Ni salamu nzuri, ina upendo ndani yake, na mara nyingi inakuja na ndizi na juisi ya boksi. Lakini kama umetoka kupasuliwa mguu na uifuate hiyo salamu neno kwa neno, inaweza kukuachia goti lisilokunja.

Nasema hivi nikiwa nimepitia. Mwaka jana nilikuwa abiria kwenye bodaboda, gari likatugonga ubavuni, nikavunjika mfupa wa paja mguu wa kulia. Hadithi ya ajali sitairudia, imenichosha hata mimi. Muhimu ni kwamba daktari aliingiza chuma kirefu ndani ya mfupa, kutoka karibu na nyonga hadi karibu na goti, akakifunga kwa skrubu juu na chini. Siku ya pili nikasimamishwa kando ya kitanda, miguu inatetemeka kama ya ndama aliyezaliwa asubuhi. Siku ya sita nikaruhusiwa kwenda nyumbani na magongo mawili, dawa za maumivu na karatasi ya kurudi kliniki.

Hapo ndipo wengi hufikiri kazi imeisha. Kundi letu la mchango lilifungwa usiku huohuo. Mweka hazina akaandika, "Tunamshukuru Mungu, mgonjwa ametoka," watu wakatuma emoji za mikono, kimya. Kumbe mgonjwa hakuwa ametoka popote. Alikuwa amehamishwa tu kutoka kitanda kimoja hadi kingine.

Hicho kitanda kingine kilikuwa kwa mama, Nakuru. Nyumba yangu ya kupanga Nairobi iko ghorofa ya nne na hakuna lifti, kwa hivyo hapakuwa na mjadala. Mama anauza mboga, nyanya na vitunguu kwenye genge lake kando ya barabara. Alilifunga ili anihudumie. Shika hiyo pointi ya genge, nitairudia.

Sasa, kwa nini kulala tu ni shida? Msuli usipotumika unapungua, na unapungua haraka kuliko unavyojengeka. Goti lisipokunjwa linakauka, kwa sababu kovu halikai juu ya ngozi peke yake. Kuna kovu jingine huko ndani, na hilo linaweza kushikanisha vitu vilivyotakiwa kuteleza. Damu nayo ikikaa bila kusukumwa kwenye mguu usiosonga inaweza kuganda. Yaani daktari wa upasuaji amekuunganishia mfupa, safi kabisa, lakini kutembea hajakurudishia. Hiyo ni kazi nyingine, na inafanyiwa nyumbani.

Fizio alikuja siku ya tisa. Kijana tu, ananizidi labda miaka miwili, alishuka matatu akiwa na begi mgongoni. Mama alimwita daktari kuanzia mlangoni hadi alipoondoka, na chai ilikuwa mezani kabla hajafungua begi. Halafu huyo daktari akafanya kitu ambacho kilikaribia kumpotezea hiyo chai: aliondoa mito.

Mama alikuwa ameniwekea mito miwili chini ya goti. Ilikuwa raha, sitasema uongo. Fizio akaeleza taratibu kwamba mto ukikaa chini ya goti siku nzima na usiku kucha, goti linazoea kukaa limepinda, na kulinyoosha baadaye kunakuwa vita. Akakunja taulo, akaliweka chini ya kisigino, goti likabaki linaning'inia bila kitu chini yake. Maumivu yake ni ya polepole, kama mtu anayekudai na hataki kupiga kelele. Mama alimtazama vile unavyomtazama mgeni aliyehamisha viti vyako bila kuuliza.

Kisha akapima. Alikuwa na kifaa cha plastiki kama rula mbili zilizounganishwa. Goti langu lilikunja digrii 40.

Mazoezi ya kwanza yalikuwa manne, na kwa mtu mzima yanaonekana kama mchezo. La kwanza, kuchezesha wayo juu na chini kama unakanyaga breki, kila saa ukiwa macho, ili shavu la mguu lisukume damu. La pili, kubonyeza nyuma ya goti kwenye taulo lililokunjwa, kukaza paja, kuhesabu hadi tano, kuachia, mara kumi. La tatu, kuburuta kisigino kuelekea makalio. Godoro letu linabonyea na shuka inakwama, kwa hivyo tulitumia trei ya chai chini ya kisigino, nikavaa soksi iteleze, na leso imezungushwa kwenye wayo ili nijivute kwa mikono. La nne, kuinua mguu mzima ukiwa umenyooka.

Hilo la nne lilinishangaza. Nililala pale, nikauambia mguu uinuke, na haukuinuka. Si kwamba uliuma. Haukusikia. Ni kama nimetuma ujumbe na umebaki na tiki moja. Fizio akasema ni kawaida, kwamba baada ya jeraha na upasuaji, paja kama hilo huzima kidogo, na lile zoezi la kubonyeza taulo ndilo linaloliamsha. Tiki ya pili ilikuja siku ya tano. Kisigino kiliinuka kutoka kwenye shuka, labda upana wa vidole viwili, kikashuka. Hapakuwa na mtu chumbani wa kumwonyesha.

Lakini hebu niwaambie kuhusu hizo digrii, kwa sababu watu wakizisikia wanafikiri ni hesabu za darasani. Kutembea kawaida kunahitaji goti likunje kama digrii 60. Kuketi kitini na kuinuka vizuri, kama 90. Kuchuchumaa ni zaidi ya 120. Na kwa mama, kama kwa mama wengi, choo ni cha shimo, kiko nyuma ya nyumba.

Kwa hivyo kwa digrii 40, choo changu kilikuwa kiti cha plastiki kilichotobolewa katikati, na karai chini yake. Nina miaka 26. Nina watu wengi wanaonifuata mtandaoni, na kila asubuhi mama yangu alikuwa anabeba karai langu kupitia uani, majirani wakimsalimia. Hakulalamika hata siku moja, na ndiyo sababu ilikuwa nzito. Mtu akikuuliza kwa nini mgonjwa anajitesa na mazoezi badala ya kupumzika, mwambie kuhusu hilo karai.

Wageni sasa. Walikuja wengi, na nawashukuru. Lakini kila mgeni alikuja na ujumbe uleule: usiguse hiyo mguu, usijaribu kusimama, kwani unakimbilia wapi? Nikishika magongo kwenda jikoni, watu wanne wanaruka kama nimewasha moto. Mgeni hawezi kukaa anywe chai huku mgonjwa anabonyeza taulo na kuhesabu. Inaonekana kama ukosefu wa adabu. Kwa hivyo unaahirisha. Wageni watatu kwa siku, kila mmoja saa moja na nusu, na mazoezi ya mara tatu yamekuwa ya mara moja. Hakuna aliyekukataza. Umezuiwa na heshima.

Halafu akaja anti. Kila familia ina huyu anti. Alitazama goti, akatingisha kichwa, akasema anamjua mama mmoja anayekanda kwa mafuta moto, "hiyo ugumu anaivunja siku moja tu." Mama alitaka kukubali. Mimi nilitaka kukimbia, lakini unaelewa hali yangu.

Mama akampigia fizio, akaweka sauti ya juu, anti akisikiliza. Fizio hakumdharau mtu. Alisema, "Mama, mafuta si shida. Mshono ukishapona, kupakwa polepole juu ya ngozi ni sawa. Lakini kuvutwa na kupindwa kwa nguvu, hapana. Mfupa bado unaunga. Na mguu uliovimba ukiwa na damu iliyoganda ndani, kuukanda ni hatari." Anti alisema tu, "Haya, madaktari wamesoma," akachukua kibeti. Nilimpenda fizio siku hiyo kuliko watu wote niliowahi kufuata mtandaoni.

Shida kubwa ilibaki kwa mama mwenyewe. Ziara ya pili, tukiwa kwenye trei, nilipiga kelele. Mama akaingia mbio kutoka jikoni, mwiko mkononi. "Wacha! Unaniulia mtoto!" Fizio akaacha. Hakubishana. Alimwomba mama anawe mikono, akamwambia ashike paja langu la kushoto, kisha la kulia, mbali na mshono, ailinganishe mikono yake.

Mama amepima vitu kwa mkono maisha yake yote. Anajua kabichi yenye uzito na kabichi iliyojaa hewa kabla hujaiweka kwenye mizani. Alishika la kushoto, akashika la kulia, akarudi la kushoto. "Huu umeisha," akasema kwa sauti ya chini. Fizio akazungusha futi ya fundi cherehani: tofauti ilikuwa sentimita nne. Nne, kwa siku kumi na sita tu.

Mama aliketi. Baadaye akauliza, "Mara ngapi kwa siku?"

Kutoka hapo nyumba ilibadilika. Asubuhi kabla ya chai, mchana, na jioni ndugu yangu mdogo akitoka shule. Yeye ndiye aliyekuwa mhesabuji. Ana miaka kumi na mmoja na hana huruma hata kidogo: nikishusha kisigino kwenye hesabu ya nne, anaanza upya kutoka moja. Nilipoweza kukaa kitini vizuri, tulianza kuburuta wayo sakafuni kuelekea nyuma, na yeye akawa anabandika selotepu pale vidole vilipofika. Kipande kipya kila Jumapili. Dawa ya maumivu nilikunywa kama nusu saa kabla ya kuanza, jinsi nilivyoelekezwa. Baada ya mazoezi tuliweka barafu, zile za shilingi kumi za watoto kutoka dukani, tumezifunga kwenye taulo, dakika kumi na tano. Halafu mhesabuji anakula vifaa vya matibabu.

Kwa wale mtakaopitia haya, jifunzeni kutofautisha maumivu. Kuna maumivu ya kuvutika, yanayopanda ukifanya zoezi na kutulia baadaye, kesho yake mguu uko vilevile au afadhali. Hayo ni ya kazi. Kuna mengine si ya kuvumilia: shavu la mguu likivimba, likauma na kupata joto, mshono ukitoa usaha, homa, maumivu makali ya ghafla pale mfupa ulipovunjika. Hapo unaenda hospitali siku hiyohiyo. Na ukikosa pumzi ghafla au kifua kikakuchoma, usingoje hata chai iive. Pia usichukue mazoezi ya video ya mtu aliyefanyiwa upasuaji tofauti. Goti lililobadilishwa, kano iliyoshonwa na paja lenye chuma ni vitu vitatu, na kila kimoja kina sheria zake za lini kukunja na lini kukanyaga. Daktari wako ndiye anayejua yako. Na mtu anayekuja nyumbani kukutibu, uliza kama amesajiliwa. Tuna sheria ya fiziotherapia tangu 2014 na kuna baraza linalowasajili, kwa hivyo kuuliza leseni si matusi.

Sasa turudi kwenye genge.

Wiki ya tano nilikuwa nimefika digrii 90. Niliweza kuketi, kuinuka, kwenda jikoni kwa magongo na kujipikia chai. Kuibeba ndiyo sikuweza, kwa sababu mikono yote iko kwenye magongo, hadi ndugu yangu akagundua kwamba chai inaingia kwenye thamosi, thamosi inaingia kwenye begi la shule, na begi linaingia mgongoni. Jumatatu hiyo mama alifungua genge. Alikuwa amefunga mwezi mzima na siku kadhaa. Wateja wengine walikuwa wameshahamia kwa jirani, na deni la jumla lilikuwa linamsubiri sokoni.

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba sikuwa nimelala peke yangu. Kila siku niliyolala bila kusonga ilikuwa siku mama pia amelala, yaani kazi yake imelala. Tunazungumza kuhusu gharama za hospitali kana kwamba zinaishia kwenye risiti. Gharama kubwa ya ugonjwa kwa watu kama sisi ni ile ya mtu wa pili, yule mzima, ambaye ameacha kila kitu kukaa kando ya kitanda. Na huyo mtu haachiliwi na mfupa kuunga. Anaachiliwa siku mgonjwa anaweza kwenda choo mwenyewe.

Ndiyo maana hasira yangu iko kwenye kundi la mchango, si kwa mashangazi. Tulichanga hadi shilingi ya mwisho ya upasuaji, na hakuna aliyeuliza nini kinafuata. Fizio wangu alikuwa anatoza 2,000 kwa ziara. Tulimudu mara moja kwa wiki, baadaye mara moja kwa wiki mbili. Nilipopata nguvu za kupanda gari nikaanza kwenda kliniki ya fizio ya hospitali ya umma, ambako ni nafuu, ila foleni unaikuta pale pale. Ziara sita au saba zingeweza kuingia kwenye bajeti ya mchango bila mtu kuhisi. Hazikuingia kwa sababu vichwani mwetu operesheni ndiyo matibabu, na mazoezi ni kitu cha watu wa gym.

Kwa hivyo, kamati zote zinazochangisha wiki hii: andikeni fizio kwenye bajeti. Mstari wake mwenyewe, kabla ya nauli ya wajumbe. Na wewe uliye wodini sasa hivi, usikubali kuondoka na magongo tu. Uliza: natakiwa kukanyaga kwa uzito gani, na kuanzia lini? Mazoezi gani naanza leo, mara ngapi? Goti linatakiwa kufika wapi tukirudi kliniki? Ngazi napandaje? (Mguu mzima unatangulia kupanda, mguu mgonjwa unatangulia kushuka. Nilifundishwa hilo kwa dakika moja na bado nalitumia.) Kama hakuna mtu wa kujibu, uliza nani anaweza. Uliza tena.

Najua kuna atakayesema si kila mtu anaweza kulipa fizio hata mara moja. Kweli. Lakini hebu piga hesabu: wiki ina saa 168, na hata mwenye pesa anakaa na fizio saa moja, labda mbili. Zinazobaki ni zako na za watu wa nyumbani. Anayeonyeshwa mara moja na kufanya kila siku atafika mbali kuliko anayetembelewa kila siku na asifanye kitu.

Shida ni kwamba kufanya kila siku kunachosha vibaya. Kazi yangu ni kutengeneza video, na nakuambia hakuna video hapo. Huwezi kupost kisigino kimesogea upana wa kidole. Mtandaoni watu wanapona kwa sekunde thelathini: kitanda, muziki, magongo, muziki, anacheza dansi. Siku za katikati zimekatwa, na siku za katikati ndizo ugonjwa wenyewe. Kuna Jumapili mbili ambazo selotepu haikusogea kabisa. Ndugu yangu alibandika kipande kipya juu ya kile cha zamani, akasema, "Hii pia ni alama."

Leo naandika nikiwa nimerudi Nairobi, ghorofa ya nne. Goti liko digrii 128, la kushoto linanishinda bado, na paja linadai sentimita moja na nusu. Asubuhi nafanya mazoezi na pakiti ya unga wa kilo mbili kwenye mfuko, umefungwa kwenye kifundo cha mguu, kwa ruhusa ya fizio. Ngazi nazipanda polepole.

Ukienda kumwona mtu aliyetoka upasuaji, beba ndizi ukitaka, ndizi hazijawahi kukataliwa. Sema pole yako. Kisha muulize amepewa mazoezi gani, vuta kiti karibu, na useme, "Haya, anza. Nahesabu."